Watoto na makumbusho ya sanaa: anzeni na Nairobi Gallery

Dada, umeuliza kama mtoto wa miaka 5 na mwenzake wa miaka 9 wataweza makumbusho ya sanaa likizo hii, au utakuwa umetupa nauli bure. Wapeleke. Ila usianze na jumba kubwa lenye kila kitu. Anza na Nairobi Gallery, lile jengo la mawe la mwaka 1913 pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, jirani na Nyayo House. Enzi za ukoloni ilikuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, na watu walienda pale kuandikisha vizazi, ndoa na vifo.

Napapendekeza kwa sababu sehemu kubwa ya vilivyomo vimetokana na mkusanyo wa mtu mmoja, Joseph Murumbi, na mtoto anaelewa habari za kukusanya vitu kabla hajaelewa habari za sanaa. Kijana wangu ana kopo la vizibo vya soda chini ya kitanda na hakuna anayeruhusiwa kuligusa. Nilipomwambia kulikuwa na mzee, tena makamu wa rais wa Kenya, aliyejaza nyumba yake vinyago, vitambaa, stempu na vitabu, aliuliza: "Na hakuna aliyemwambia avitupe?" Tangu hapo alitaka kuviona.

Kwa hiyo hadithi ya mzee huyo isimulie mkiwa bado kwenye matatu, msingoje maandishi ya ukutani. Alizaliwa 1911, baba Mgoa, mama Mmaasai. Mwaka 1966 alimrithi Jaramogi Oginga Odinga kwenye umakamu wa rais, na kabla mwaka haujaisha akajiuzulu. Baadaye, miaka ya 1970, yeye na Alan Donovan, Mmarekani, wakaanzisha African Heritage hapa Nairobi, wakiuza na kuonyesha sanaa ya Kiafrika. Wa miaka 9 atayashika hayo. Mdogo mwambie tu kuna mzee alipenda vitu vizuri, inamtosha.

Mkiingia, msikimbizane na vyumba vyote. Kwetu kila mtoto huchagua kitu kimoja, anakaa sakafuni anakichora. Beba penseli, kalamu za wino ziache nyumbani, maana walinzi wana haki ya kuziogopa karibu na vitu vile. Kuchora kunamlazimisha mtoto atazame. Binti yangu alikuwa anachora kinyago, alipofika kwenye macho akakwama, kwa sababu hayakuwa na tundu. Akainama akakitazama kwa chini, akahamia ubavuni, kisha akaniuliza: "Mama, aliyevaa hiki alikuwa anaona wapi?" Tukatafuta wote mpaka tukagundua mdomo wa kinyago ndio ulikuwa wazi, mchezaji alichungulia kupitia mdomoni. Kibandiko hakikusema lolote juu ya hilo. Aligundua mwenyewe, na mpaka leo akiona kinyago popote jambo la kwanza ni kukagua mdomo.

Kama kuna bibi au babu nyumbani, tafadhali mchukueni. Mamangu ni mtu wa Lamu, amesuka ukili tangu utotoni. Alisimama mbele ya kitambaa kikubwa cha Afrika Magharibi, akakitazama kitambo, kisha akawaita wajukuu. "Njooni muone. Hiki si kitambaa kimoja. Ni vipande vyembamba vimeungwa, vile nishonavyo mkeka." Akawafuatishia mishono kwa kidole bila kugusa, akawaonyesha mahali ambapo ua la ukanda mmoja halikukutana sawasawa na la ukanda wa jirani, akawaeleza kwamba mfumaji hufuma kila ukanda peke yake, mrefu, ndipo aukate na kuunganisha. Hakuna kiongozi wa watalii ambaye angewashika watoto wale vile.

Mdogo akianza kukokota miguu, tokeni, hata kama vyumba vimebaki. Nje waonyeshe alama ya Point Zero, ambapo umbali wa barabara ulikuwa unaanza kupimwa.

Kisha, kama siku inaruhusu, pandeni gari za Limuru Road mshuke City Park. Murumbi, aliyefariki 1990, amezikwa huko pamoja na mkewe Sheila, kwenye bustani yenye sanamu. Alitaka alale karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, mwanasiasa na mpigania uhuru, aliyeuawa kwa risasi Februari 1965. Mkubwa wangu aliuliza mtu anawezaje kuchagua kaburi kwa ajili ya rafiki. Tuliketi kwenye nyasi tukazungumza juu ya urafiki na juu ya kuuawa kwa Pinto kwa muda mrefu kuliko tuliokaa ndani ya makumbusho, na sikuona haja ya kumfupishia. Watoto wanaweza kubeba maswali hayo kuliko tunavyodhani.

Sehemu nyingine ya mkusanyo wake iko Kenya National Archives, Moi Avenue, ghorofa ya chini. Hiyo iwekeeni siku yake.

Tiketi ya Nairobi Gallery lipia kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo ya serikali, kabla hamjafika, usihangaike na simu mlangoni watoto wakikuvuta nguo. Na chakula kuleni kabla ya kuingia City Park. Kima wa pale hawaogopi watu, mfuko wa ndizi watauchukua mkononi mwa mtoto.