Uliza Mwalimu wa Umeme: Jenereta ya kuendeshwa kwa gesi ya maji

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kinyozi hapa Kahama, umeme ukikatika nawasha jenereta ndogo ya petroli. Kuna fundi anauza kifaa cha kutoa gesi kwenye maji. Anasema gesi hiyo ina nguvu mara tatu ya petroli, na nikikifunga, jenereta itaendesha kifaa chenyewe pamoja na mashine zangu za kunyolea, bila petroli. Amenionyesha video. Jirani yangu naye kafunga cha namna hiyo kwenye Noah yake, anasema mafuta yamepungua. Bei ni laki saba. Je, ni kweli? Halafu anasema kwenye maji niweke chumvi tu. – Msomaji, Kahama

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Hiyo laki saba iache mfukoni kwanza.

Fundi wako ana ukweli nusu, na ukweli nusu ndio unaouza. Haidrojeni, ile inayoungua ndani ya gesi hiyo, kweli ina nishati karibu mara tatu ya petroli, ukipima kwa kilo. Ambacho hakukwambia ni kwamba kilo moja ya haidrojeni isiyoshindiliwa inajaza lita 12,000 hivi, na kwamba haikai ndani ya maji ikikusubiri uitoe bure. Maji ni haidrojeni iliyokwisha kuungua. Kuitenga tena na oksijeni ni lazima ulipe, na bei ya chini kabisa inajulikana: uniti 39 na ushee za nishati kwa kilo, uniti zilezile unazonunua kwa LUKU. Mitambo mizuri ya viwandani hula uniti 50 hadi 55.

Sasa tuwe wakarimu, tuseme kifaa cha laki saba ni kizuri kama cha kiwandani, umekilisha uniti 52 na umepata kilo yako. Ichome kwenye jenereta. Inatoa joto la uniti 33 hivi, maana sehemu nyingine inaondoka na mvuke kwenye ekzosi. Jenereta ndogo kama yako inageuza kama moja ya tano tu ya joto hilo kuwa umeme. Unabaki na uniti 6 au 7. Umeingiza 52, umepata 7, na mteja bado amekaa kwenye kiti na nusu kichwa.

Wabishi wana hoja moja ambayo mimi huipenda, kwa sababu imesimama juu ya fizikia halisi. Kupasua moli moja ya maji (gramu 18 hivi) kunataka nishati ya kilojuli 286, lakini kati ya hizo ni 237 tu ambazo lazima zije kama umeme. Zile 49 zinaweza kuja kama joto la mazingira. Kwa lugha ya volti, maji yanaweza kuanza kupasuka kwenye volti 1.23 kwa kila seli (jozi ya bati zilizozama ndani ya maji), na hadi ufike 1.48 seli inakuwa inavuta joto kutoka nje. Kwa hiyo mtu akiweza kuiendesha seli polepole sana katikati ya namba hizo, akalinganisha umeme ulioingia na joto la gesi ikiungua, atapata zaidi ya asilimia 100. Hapo ndipo watu huruka na kupiga vigelegele. Lakini ile ziada imetoka kwenye hewa ya chumba, haikuzaliwa. Na ukitaka gesi hiyo irudi kuwa umeme, hata kwa seli ya haidrojeni, inayogeuza gesi kuwa umeme bila kuichoma, kama iliyomo kwenye gari la Toyota Mirai, dari ni ileile 237. Zile 49 zinarudi zilikotoka, kwenye joto. Vifaa vya mtaani hata mlangoni pa mjadala huo havifiki. Vinakula volti 2 na zaidi kwa kila seli, ndiyo maana ukigusa mtungi baada ya nusu saa unaunguza vidole. Joto hilo ni umeme wako unaopotea.

Usinisadiki kwa sababu ya mvi. Pima. Azima kwa fundi umeme klempu mita, kile kipimo cha kubana waya, iwe inayopima umeme wa DC, ipitishe kwenye waya mmoja wa DC unaoingia kwenye kifaa, soma ampia. Kisha jaza maji kwenye chupa ya soda ya lita moja na nusu, ipindue ndani ya ndoo ya maji baridi, ingiza mpira wa gesi mdomoni mwake, tazama saa. Fanyia nje, mbali na moto wowote, na ukimaliza iachie gesi hewani. Tangu Michael Faraday aandike kanuni zake miaka ya 1830, kiasi cha gesi si siri ya mtu: kila ampia moja, kwa kila seli, inatoa mililita 11 na nusu hivi kwa dakika. Kifaa cha seli sita kinachovuta ampia 20 kitakupa lita 1.4 kwa dakika, hata muuzaji akikutajia masafa maalumu ya umeme au sumaku ya pembeni. Fundi akikuonyesha lita tatu kwa ampia hizohizo, muulize maji yake yana joto gani. Kwenye nyuzi 80 karibu nusu ya kinachotoka ni mvuke. Ndiyo sababu nimesema maji ya ndoo yawe baridi, mvuke ukaishie humo.

Video sijaiona, ila nitakwambia cha kutazama. Funga koki ya mafuta ya jenereta yako leo jioni, uone inazima baada ya muda gani. Ile petroli iliyobaki kwenye bakuli la kabureta inatosha kuingurumisha kwa dakika kadhaa, zaidi ya urefu wa video nyingi. Tazama pia kama kuna betri mahali. Kifaa kinachokula betri iliyochajiwa jana kitatoa mapovu mazuri sana leo.

Kwa Noah ya jirani, hesabu ni hii. Ampia 20 kwenye volti 13.8 ni wati 276. Gesi inayopatikana ina wati 150 tu za joto. Ili alteneta itoe wati 276, injini lazima ichome petroli ya wati 2,000 hivi, ukizingatia hasara za alteneta na za injini yenyewe. Unachoma elfu mbili kupata mia na hamsini. Wauzaji wakibanwa hapo husema gesi haiendeshi gari, inasaidia petroli iungue vizuri. Lakini injini nzima inayofanya kazi sawasawa haibakizi petroli ya maana bila kuungua, na hizo lita 1.4 za gesi zinapotea ndani ya mamia ya lita za hewa zinazovutwa kila dakika.

Je, jirani ni mwongo? Sidhani. Mtu aliyetoa laki saba anakanyaga mafuta kwa adabu. Tena kujaza tangi mpaka bomba la sheli lijikate si kipimo. Leo litakata mapema, kesho litakata lita mbili mbele. Mwambie afungue boneti akague jambo moja: vifaa vingi vya aina hii huja na kiboksi kidogo kinachounganishwa kwenye waya wa sensa ya oksijeni. Kiboksi hicho kinaidanganya kompyuta ya gari ipunguze petroli. Mafuta yanapungua kweli, injini inaendeshwa na njaa, inachemka, na valvu ndizo zitakazolipa.

Mchezo huu una umri. Stanley Meyer wa Ohio, Marekani, alitangaza kigari cha kwenda kwa maji, akadai galoni 22 zingemvusha kutoka Los Angeles hadi New York. Wawekezaji wawili walimshtaki, wataalamu wakaikagua seli yake wakakuta ni upasuaji wa kawaida wa maji kwa umeme. Mwaka 1996 mahakama ikasema ni ulaghai, ikamwamuru arudishe dola 25,000.

Ushahidi ninaoupenda zaidi, lakini, uko Kwekwe, Zimbabwe. Kiwanda cha mbolea cha Sable Chemicals kilipasua maji kwa umeme kwa miongo kadhaa, kikipata haidrojeni ya kutengenezea amonia. Mitambo halisi, wahandisi halisi. Mwaka 2015 ilizimwa, kwa sababu umeme ulikuwa haba na ghali. Kama gesi hiyo ingekuwa na ziada hata ya asilimia moja, wale wangekuwa wa mwisho duniani kulia shida ya umeme.

Usije ukadhani gesi yenyewe haina kazi. Masonara wanaitumia kuunganisha dhahabu, maana mwali wake ni mwembamba na unafika nyuzi 2,800 hivi. Ila ukali wa moto si wingi wa moto: njiti ya kiberiti inakuunguza kidole lakini haiivishi maharage.

Kwa saluni yako: mashine ya kunyolea inakula wati 10 hadi 15. Weka mbili, taa za LED na redio, hufiki wati 100. Betri ya ampia-saa 100 na inveta ndogo itakubeba saa sita bila kuichosha, na paneli ya sola ya wati 200 juu ya bati itairudishia. Kaulize bei kabla ya kumwona tena fundi wako.

Na chumvi, usiweke kabisa. Maji ya chumvi ukiyapitishia umeme yanatoa klorini, gesi inayokwangua mapafu, na saluni yako najua haina dirisha la maana. Hata ukitumia kemikali nyingine badala ya chumvi, maji yakigeuka rangi ya kahawia au manjano, ni kromiamu inayotoka kwenye bati za stenlesi. Ni sumu, usiyamwage kwenye mtaro wanapochezea watoto. Na ukiacha kile kipimo cha nje, mchanganyiko wa haidrojeni na oksijeni usiuweke kwenye chupa wala mtungi hata kwa dakika tano. Cheche ya nguo ya nailoni inatosha kuulipua.