Muulize Afande: Bastola ya Kuanzishia, Mguu wa Baba na Pesa za Hisani

Barua za mwezi huu zimekuja na jambo moja: mbio za hisani za kuwaenzi wanajeshi wastaafu. Nilikuwa mkufunzi wa mazoezi ya viungo jeshini, na tangu nivue magwanda nimekuwa msimamizi wa njia kwenye mbio za barabarani, kwa hiyo leo mmenigusa penyewe. Nitasema kama ninavyoona.

*Shikamoo Afande. Mimi ni katibu wa kamati ya mbio katika mji wetu mdogo. Tunaandaa marathoni yetu ya kwanza kuwachangia askari wastaafu waliojeruhiwa. Mwenyekiti anataka ianze kwa risasi hewani na fataki, kisha wastaafu wapite kwa gwaride, zifuate hotuba tatu, ndipo wakimbiaji waondoke. Barabara yetu ya lami ni fupi na watu wa kujitolea ni wachache. Tunaomba ushauri. – Katibu wa Kamati*

Marahaba, Katibu. Mpe mwenyekiti salamu zangu, halafu mnyang'anye hizo fataki.

Miongoni mwa hao mnaotaka kuwaheshimu wamo ambao mlipuko wa ghafla nyuma ya mgongo huwarudisha mahali walikokwisha kuhangaika miaka mingi kutoka. Nimemwona mtu mzima mwenye nishani kifuani akijikuta kalala kifudifudi kando ya mstari wa kuanzia, watoto wanacheka. Aliinuka, akajipangusa magoti, akaondoka bila kuaga. Kilichomwangusha ni bastola ya kuanzishia mbio. Honi inatosha, Katibu. Kengele ya shule inatosha, na inasikika mbali kuliko mnavyodhani. Kama kuna mtu ameshazilipia fataki, akazipige kwake.

Gwaride nalo mliangalie upya. Mzee wa miaka 70 hasimamishwi juani mpaka hotuba tatu ziishe, eti anaenziwa. Wawekeeni viti kivulini, karibu na utepe wa kumalizia, na kabla ya hapo waiteni kwenye kikao muwaulize nani anapenda kufanya nini. Mmoja atataka kupiga honi. Mwingine atataka meza ya maji, na aliyewahi kuendesha ghala la kikosi hababaishwi na vikombe. Mwingine atasema hataki kuja kabisa, na huyo mumwache kwa amani. Tena wawili waingie kwenye kamati yenyewe, wawe na kura. Hotuba iwe moja, fupi.

Sasa barabara. Ufupi wa lami yenu ni bahati ambayo hamjaiona. Miji midogo hupenda kuchora njia moja ndefu inayotoka mjini na kupotelea maporini, halafu saa nne baadaye kuna mkimbiaji kilomita ya 31 hana maji, hana msimamizi, hajui hata kama amepotea. Tengenezeni mzunguko wa kilomita 7. Ukikimbiwa mara 6 ni kilomita 42, zinabaki mita 195 ambazo mnazifanya kipande cha mwisho cha kuingilia kwenye utepe. Meza mbili za maji kwenye mzunguko huo zinampa mkimbiaji maji mara 12, na gari la wagonjwa, hata liegeshwe wapi juu ya mzunguko, haliwi mbali na mtu kupita kilomita tatu na nusu. Wale wazee kivulini watamwona kila mkimbiaji mara sita. Kwenye ile njia ndefu wangemwona akiondoka, wakasinzia, wakamwona akirudi. Anayetaka kilomita 7 tu, au 14, naye ana mbio zake pale pale.

Kupima msitegemee simu wala mita ya gari. Wapimaji hutumia baiskeli yenye kihesabio kwenye gurudumu la mbele, iliyosahihishwa kwanza kwenye kipande cha barabara kilichonyooka na kupimwa kwa utepe wa chuma. Mpimaji huendesha kwa njia fupi kabisa ambayo mkimbiaji angeweza kuikata, sentimita 30 tu kutoka ukingoni kwenye kona, na juu ya hesabu huongeza mita 1 kwa kila kilomita ili njia isije ikapunjwa. Kazi yenyewe ni asubuhi moja. Chama cha riadha kitawaonyesha mpimaji.

Jambo la mwisho kwako, na hili lisomwe kikaoni kwa sauti. Mkimbiaji akianguka njiani, mwili unawaka na anaongea asiyoyajua, apozwe kwanza ndipo asafirishwe. Andaeni beseni kubwa la maji ya barafu, aingizwe hadi shingoni huku mtu ameshika kichwa chake. Nimeona watu wakimkimbiza mtu wa namna hiyo hospitali ndani ya gari lililofungwa madirisha. Ubongo unachemka njiani. Anayeanguka baada ya kuvuka utepe, akili timamu, mara nyingi ni damu iliyobaki miguuni kwa kusimama ghafla. Huyo mlazeni, miguu juu.

*Afande, shikamoo. Baba alipoteza mguu wa kushoto chini ya goti akiwa kazini jeshini. Amesikia kuna mbio za kuwaenzi wastaafu na anasema ataingia kilomita 10 kwa mguu wake wa bandia wa kutembelea. Mama analia. Kaka zangu wanasema tuifiche fomu. Mimi niko katikati. – Binti Mwenye Wasiwasi*

Marahaba, binti yangu. Fomu msiifiche. Aliyefundishwa kutafuta mitego ya adui ataipata fomu chini ya godoro, na safari hii hatawaambia tena anapokwenda.

Umenieleza mama anasemaje na kaka zako wanasemaje. Baba umemuuliza anachotaka ni nini? Huenda anataka kukimbia. Huenda anataka kutembea tu kilomita hizo akiwa na wenzake wa zamani, jambo ambalo ni jepesi zaidi. Huenda anataka kuwathibitishia kitu nyinyi watoto, na hapo mazungumzo ni mengine. Muulize mkiwa wawili, bila mama.

Akishikilia, aanze na daktari wa moyo na shinikizo la damu kama mtu yeyote wa umri wake, halafu aende kwa fundi aliyemtengenezea mguu. Mguu wa kutembelea unaweza kutembea mwendo mrefu, lakini haukuundwa kurusha mwili hewani na kuupokea. Wanaokimbia kwa mguu wa bandia hutumia ule uliopinda kama mundu, unaojikunja na kufyatuka. Kwa mguu alio nao sasa ningemshauri atembee, atembee kwa ukakamavu, na asimruhusu mtu kumwambia kutembea si kushiriki.

Mahali pa kuangalia ni ngozi. Mtu akienda mwendo mrefu, sehemu ya mguu iliyobaki hunywea kidogo, kikombe cha mguu wa bandia, pale mguu uliobaki unapoingia, kinalegea, kinaanza kusugua. Ndiyo maana wazoefu hubeba soksi za ziada za kuvaa juu ya nyingine. Jasho nalo hujaa ndani likafanya mguu uteleze. Asione haya kukaa pembeni, kuvua, kujifuta, kukagua na kuvaa tena. Mazoezini afanye hivyo hivyo: kilomita chache, avue, aangalie. Alama au wekundu usiokwisha baada ya dakika 20, siku hiyo basi. Malengelenge yakipasuka, atakaa wiki bila mguu, na hapo kaka zako watapata la kusema.

Wewe nenda kwa waandaaji mapema. Waombe viti kila palipo na meza ya maji, na muda wa kufunga njia unaomtosha mtu anayetembea. Halafu mtafute yule mshika kipaza sauti, umwambie asithubutu kupiga kelele "huyu hapa shujaa wetu mwenye mguu mmoja!" Jina lake na namba ya kifuani, kama anavyotangazwa mwingine yeyote.

Kaka zako waelezee habari za Abebe Bikila. Alikuwa askari wa kikosi cha ulinzi cha mfalme wa Ethiopia alipotwaa dhahabu ya marathoni Roma mwaka 1960 akiwa peku, na akaitwaa tena Tokyo mwaka 1964. Mwaka 1969 ajali ya gari ikampooza. Mwaka uliofuata alikuwa Uingereza akishindana kulenga shabaha kwa upinde kwenye michezo ya Stoke Mandeville, michezo ambayo daktari Ludwig Guttmann aliianzisha mwaka 1948 kwa askari waliovunjika uti wa mgongo, na ikazaa Paralimpiki. Hakuna aliyemfichia Bikila fomu.

*Kwa nini marathoni ni kilomita 42 na mita 195? Hizo 195 ni za nini? – Mdadisi*

Za Waingereza. Athens mwaka 1896 walikimbia kama kilomita 40. Mwaka 1908 London waliamua mbio zianzie kwenye kasri la Windsor na kuishia uwanjani mbele ya jukwaa la familia ya kifalme, na urefu ukatoka hivyo ulivyotoka. Mwaka 1921 ukafanywa kanuni ya dunia nzima.

*Mzee wangu, nimelipa kiingilio kwenye mbio za hisani zaidi ya mara moja na sijawahi kuambiwa wahusika walipata nini. Nikiuliza naonekana mchoyo. Je, nina haki? – Mkimbiaji Aliyechoka*

Unayo, na uulize kabla ya kulipa, kwa maandishi. Kiingilio chako hununua kwanza namba, maji, medali, fulana, mahema, vipaza sauti na posho ambazo hakuna anayezitaja. Hisani ni kile kinachobaki, na wakati mwingine hakibaki kitu ingawa hakuna aliyeiba hata senti, pesa zimeliwa na fulana.

Kamati inayojiheshimu hutenganisha. Kiingilio kinalipia mbio, wadhamini wanajazia, na mchango wa wastaafu unaingia akaunti yake, yenye watia saini wawili, mmoja wao mstaafu aliyechaguliwa na wenzake. Tena wanataja kitu: viti mwendo kadhaa, ada za watoto wa marehemu fulani, paa la nyumba fulani. "Kuwasaidia mashujaa wetu" si kitu, ni hewa. Hesabu zibandikwe ubaoni mbio zikiwa bado midomoni mwa watu.

Ukisikia zawadi nono ya fedha kwa mshindi, piga hesabu inatoka mfuko gani. Marathoni ya wanamaji wa Marekani, Marine Corps Marathon, inakimbiwa tangu mwaka 1976 bila zawadi ya fedha, na watu wanafurika.

*Afande, kocha wetu anasema siku ya mbio tunywe maji kila meza, tuwe na kiu tusiwe na kiu. Ni sawa? – Mgeni wa Marathoni*

Si sawa. Maji yakizidi mwilini, chumvi ya damu hushuka, kichwa kinauma, mtu anatapika, anachanganyikiwa, na wapo waliokufa. Watafiti waliwapima damu wakimbiaji 488 waliomaliza marathoni ya Boston mwaka 2002, na asilimia 13 walikutwa chumvi imeshuka kupita kiasi. Walio hatarini zaidi ni wanaokwenda polepole kama wewe, kwa sababu mna muda mwingi wa kunywa. Kunywa ukisikia kiu. Mtu akimaliza mbio ana uzito mkubwa kuliko alipoanza, huyo kanywa mno, apelekwe kwa daktari na asiongezewe kikombe kingine. Kocha wako mwambie aniandikie.