Ploti ya bure Kansas: tunaweza kuijenga pole pole?

SWALI: Hujambo wakili? Mimi ni muuguzi na mume wangu ni fundi wa magari. Tunaishi Umoja na watoto wetu wawili. Tumebahatika kupata grini kadi, kibali cha kuishi Marekani, kupitia bahati nasibu ya viza, na shemeji yetu aliye Wichita anasema mji mdogo wa Lincoln, katika jimbo la Kansas, Marekani, huwapa ploti bure watu walio tayari kujenga. Tuna ploti Kitengela ambayo mnunuzi ametuahidi shilingi milioni 3.2. Je, hiyo ploti ya Kansas itakuwa yetu kweli? Tunaweza kuijenga pole pole, pesa zikipatikana? Na tuuze Kitengela ili tuanze nayo?

JIBU: Sijambo dada, na hongereni. Nianze na swali lako la pili, kwa sababu ndilo linaloamua mengine: hapana, hamtaweza kuijenga pole pole.

Huku kwetu mtu hununua ploti Kitengela au Kamulu, akapigiwa bikoni, akazungusha seng'enge, basi. Mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, mabati mkopo wa sacco ukitoka. Asipojenga kabisa, bado ploti inapanda bei. Katika miji midogo ya Kansas mambo yamegeuka. Ardhi ndiyo sehemu rahisi kuliko zote katika gharama ya nyumba, na mji unaitoa ili upate familia: watoto wa kuendeleza shule, mlipa kodi, mteja wa duka. Ploti ikikaa tupu haiwafaidi, kwa hiyo mkataba huweka tarehe ya kuanza ujenzi, tarehe ya kumaliza na ukubwa wa nyumba usiopungua kiwango fulani. Muda wenyewe mara nyingi huwa mwaka mmoja au miwili. Ukipita, ploti hurudi kwa mji pamoja na msingi mliokwisha kuumwaga, na amana kama mliweka.

Wengine huchanganya ofa hizi na ile sheria ya zamani ya Marekani ya 1862, iliyotiwa sahihi na Rais Abraham Lincoln, ambapo mtu alipewa ekari 160 akikaa na kulima kwa miaka mitano. Sheria hiyo ilifutwa 1976, isipokuwa Alaska ambako iliendelea hadi 1986. Za leo ni za miji yenyewe. Marquette, mji mwingine mdogo wa Kansas, ulianza mwaka 2003. Ni ploti ya nyumba tu, na kila mji una masharti yake. Jambo la kwanza, basi, ni kupiga simu kwa ofisi ya mji wa Lincoln, kuuliza kama ploti bado zipo na kuomba nakala ya mkataba kabla hamjajaza fomu yoyote.

Sasa, itakuwa yenu? Inaweza kuwa yenu kabisa, lakini angalieni ni karatasi gani mmeshika. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema wazi kwamba barua ya ugavi wa ardhi peke yake haimpi mtu umiliki. Isomeni barua ya mji wa Lincoln ya kuwapa ploti kwa jicho hilohilo: ni ahadi yenye masharti. Umiliki unapita kwa hati iliyotiwa sahihi na kusajiliwa katika ofisi ya hati ya kaunti. Ulizeni hati inatoka lini, kabla ya ujenzi au baada. Ikitoka kabla, mara nyingi hubeba kifungu cha kuirudisha ardhi kwa mji, na hicho kifungu benki hazikipendi. Mwombeni wakili wenu aulize kama mji utakubali haki yake ije nyuma ya haki ya benki. Bila hivyo mkopo wa kujenga unaweza kukwama.

Usajili wa kule, tofauti na hatimiliki yetu, hauthibitishi kwamba mwenye jina ndiye mwenye mali. Unaweka tu kumbukumbu ya hati. Ndiyo maana watu hulipia upekuzi na bima ya umiliki, na mkikopa, benki itaidai. Mwambieni wakili adai hati yenye dhamana ya mtoaji, maana kuna aina nyingine ambayo mtoaji huachilia tu dai lolote alilo nalo, hata kama hana. Halafu majina. Chini ya sheria ya Kansas, hati ikiwataja watu wawili bila maelezo zaidi, kila mmoja ana hisa yake, na mmoja akifa hisa hiyo inaingia kwenye mirathi. Hakikisheni hati inasema kwa maneno wazi kwamba ni umiliki wa pamoja, anayebaki anachukua yote. Ni sentensi moja tu, lakini nimeona hapa Nairobi wajane wakizunguka mahakamani miaka kwa kukosa sentensi kama hiyo.

Tuje kwenye pesa, ambapo ndipo ninapowahofia. Tuchukulie nyumba ya futi mraba 1,200, na ujenzi dola 150 kwa kila futi. Hiyo ni dola 180,000. Mthamini wa benki haangalii mlichotumia. Anaangalia nyumba za mji huo zimeuzwa kwa bei gani. Tuseme anaona nyumba kama hiyo itauzika kwa dola 120,000. Benki itapima mkopo wake kwa hiyo 120,000, na angalau dola 60,000 zinazobaki ni za mfukoni mwenu. Milioni 3.2 zenu ni kama dola 25,000 kabla ya tiketi, gari na kodi ya nyumba ya miezi ya kwanza. Mnaona pengo lilivyo. Tarakimu zangu ni za mfano, lakini mwendo huu ni wa kawaida katika miji ambako gharama ya kujenga imepita bei ya kuuza.

Ipo mikopo ya nyumba ya vijijini inayodhaminiwa na wizara ya kilimo ya Marekani, isiyodai malipo ya awali, na mwenye grini kadi anaweza kuomba. Hata hivyo mkopeshaji atataka kuona kazi, mapato na historia ya kulipa madeni huko Marekani. Mtu aliyeshuka uwanja wa ndege wiki iliyopita hana historia hiyo.

Kodi ya mali nayo haingoji. Kansas hutoza nyumba ya kuishi kwa asilimia 11.5 ya thamani yake, kisha huzidisha kwa kiwango cha eneo. Nyumba ya dola 120,000 inahesabiwa kama dola 13,800. Kiwango kikiwa dola 150 kwa kila 1,000, mnadaiwa dola 2,070 kila mwaka, zaidi ya shilingi laki mbili na nusu. Nusu hulipwa kufikia Desemba 20 na nusu ya pili Mei 10. Kwenye bili hiyohiyo mji unaweza kuongeza sehemu yenu ya gharama za barabara, maji na mabomba ya maji taka yaliyopitishwa mbele ya ploti, ikigawanywa kwa miaka mingi. Hapo ndipo ploti ya bure huacha kuwa bure. Ulizeni kwa maandishi kama deni hilo lipo, na nani analipia kuunganisha maji.

Msitegemee pia kupunguza gharama kwa fundi wa kibarua. Kuna vibali na wakaguzi, na msingi lazima ushuke chini ya kina ambacho udongo huganda wakati wa baridi, kama futi tatu kaskazini mwa Kansas.

Maoni yangu: kwanza pangeni nyumba ya mtu, mwaka mzima hata zaidi. Wewe utahitaji leseni ya uuguzi ya Kansas kabla ya kufanya kazi kama muuguzi, na hilo lina mitihani na makaratasi yake. Lincoln ina hospitali ndogo ya kaunti. Mji mkubwa wa karibu ni Salina, kama kilomita 60, na hakuna matatu. Mkifanya kazi eneo hilo, mkapita baridi moja na watoto wakaipenda shule, fikirieni pia kununua nyumba ya zamani iliyokwisha simama mjini Lincoln. Kwa bajeti yenu naona hiyo ni njia bora kuliko ploti ya bure, labda kama mnapanga kukaa miaka mingi na mna akiba ya kuziba lile pengo.

Na mtu yeyote hapa mjini akiwaomba ada ili awapatie "ardhi na viza pamoja", mwepukeni. Ardhi hiyo haimpi mtu viza.

Kuhusu Kitengela, msiiuze kwa ajili ya Lincoln. Ila kama mnakusudia kuiuza kwa vyovyote, pigeni hesabu kabla ya kusafiri. Kenya inatoza asilimia 15 ya faida. Mkishaingia Marekani na grini kadi, faida ya mauzo ya hapa inatakiwa kutajwa kwenye kodi ya huko pia, ingawa mtapunguziwa kwa kile mlicholipa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Mkiamua kuiacha, tayarisheni mamlaka ya uwakilishi kwa mtu mnayemwamini, yasajiliwe kabla hamjapanda ndege, na yaseme wazi kama anaweza kuuza au kusimamia tu. Kwa mkataba wa Lincoln tafuteni wakili mwenye leseni ya Kansas. Mimi naweza kuusoma pamoja nanyi, lakini sina ruhusa ya kuwawakilisha huko.