Kazi ya Mungu nimeiona leba, si kwenye ajali

Mkuu, umeuliza kama kuna mtu humu aliyewahi kuona kazi ya Mungu kwa macho yake, ukiacha shuhuda za kuponea ajali. Mimi ni mkunga, na hizo shuhuda za ajali hunikwaza kidogo: basi limeua watu, aliyepona anasimama kanisani kushukuru, wafiwa wako benchi la nyuma. Mimi naiona zaidi kwenye yanayokwenda sawa kila siku mpaka tumeyazoea.

Chukua pumzi ya kwanza. Mtoto akiwa tumboni mapafu yake yamejaa maji, hewa anaipata kwa mama kupitia kondo la nyuma na kitovu. Moyo wake una kitundu kati ya vyumba viwili vya juu, ili damu nyingi isipitie mapafu ambayo bado hayajaanza kazi. Akishatoka na kuvuta hewa, msukumo wa damu unabadilika na kitundu kinajifunika. Wewe uliyesimama pale unaona rangi tu: midomo ya bluu, unamkausha kwa kitenge, unamsugua mgongo, kifua kinapanda, analia, ulimi unakuwa mwekundu. Viganja na nyayo huchelewa.

Watoto takriban 85 kati ya 100 hupumua wenyewe. Mwenzangu wa zamu, Mwislamu, hupenda kunitajia Suratun Nahl aya ya 78, kwamba Mungu alikutoeni matumboni mwa mama zenu hamjui chochote. Mimi namrudishia Zaburi ya 139, tunacheka, tunaendelea na kazi.

Watakuja wa kusema hiyo ni baiolojia tu. Sawa, nimeisomea, na kujua kitundu kinavyofungwa kumeniongezea mshangao.

Ila sisemi tukae tunasubiri. Mwaka 2009 Tanzania ilianza kuwafundisha wahudumu wa hospitali nane kumsaidia mtoto apumue ndani ya dakika ya kwanza: kumkausha, kumsugua, na asipoitika kumpulizia hewa kwa ambu, kile kipulizio cha mkono. Katika hospitali hizo, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikapungua karibu nusu. Sasa nikibonyeza ambu na kifua kikainuka, siwezi kukuchorea mstari kwamba Mungu ameishia hapa na mkono wangu umeanzia hapa.

Na wapo wasioitika. Nimewafunga kwenye kanga nikawakabidhi kwa bibi zao, na siku hizo sikuwa na ushuhuda wa kutoa. Nilikaa na mama, basi. Anayekuja na maelezo ya haraka wakati huo huwa namwomba atoke nje.

Kwa hiyo nikiingia zamu, baada ya sala yangu fupi, nakwenda kuangalia kama ambu imeoshwa na barakoa yake ya saizi ndogo, ile ya kufunika mdomo na pua ya mtoto, ipo. Kama haipo, naitafuta wodi za jirani kabla mama yeyote hajapanda kitandani.