Kifaa cha nukta nundu cha zamani kwenye Windows 11
Kifaa cha zamani cha kuonyesha maandishi ya kompyuta kwa nukta nundu mara nyingi kitafanya kazi kwenye Windows 11, mradi modeli yake imo katika orodha ya vifaa vinavyokubaliwa na NVDA, programu ya kuwasomea wasioona yaliyo kwenye skrini. Kinachokufa baada ya kuhamia Windows 11 aghalabu si kifaa chenyewe bali draiva yake (programu ndogo inayokiwezesha kuwasiliana na kompyuta), kwa kuwa mfumo huo ni wa biti 64 pekee na haukubali draiva za biti 32. Kwa kifaa chenye plagi ya siriali ya pini 9, tumia adapta ya USB, kisha uchague mwenyewe jina la kifaa na namba ya poti ya COM (jina ambalo Windows huipa poti ya siriali) katika NVDA, maana, kama mwongozo wa NVDA unavyoeleza, utambuzi wa vifaa wa moja kwa moja hauhusu siriali. Modeli isipokuwemo, ijaribu kwenye mfumo wa Linux kwa BRLTTY, programu inayoendesha vifaa vya nukta nundu.