Sema panapouma, figo tuachie sisi

Daktari, figo zinaniuma kila nikiamka. Nitumie dawa gani?

Swali hili limerudi tena, na kama kawaida mwulizaji hakutaja mkojo, homa wala mahali hasa panapouma. Nani amekuambia ni figo? Figo ziko nyuma, kandokando ya uti wa mgongo, zimefunikwa kidogo na mbavu za mwisho. Ya kulia iko chini kuliko mwenzake kwa sababu juu yake limekaa ini. Maumivu ya kiuno yanayokubana unapotoka kitandani na kulegea ukitembea, mara nyingi ni misuli na viungo vya mgongo. Figo zinazokufa huwa zinakufa kimya, ndiyo maana tunapima kreatinini (taka ambayo figo hupaswa kuitoa) kwenye damu na protini kwenye mkojo. Mnachonikera ni kwamba mnakwenda duka la dawa kununua diklofenaki, dawa ya maumivu, mkiita "ya figo", mnaimeza wiki nzima, na dawa hiyohiyo ndiyo inayoweza kuziumiza figo, hasa kwa mwenye presha au kisukari.

Moyo uko kushoto?

Uko katikati, nyuma ya mfupa wa kidari. Ncha yake ndiyo imeelekea kushoto.

Chembe cha moyo kinaniuma nikiwa na njaa. Ni ugonjwa wa moyo?

Hapo chini ya kidari pana mfuko wa chakula, kongosho na ukingo wa ini. Maumivu ya njaa hunifanya nifikirie vidonda vya tumbo kwanza. Na msinililie pilipili: vidonda vingi huletwa na bakteria Helicobacter pylori au na dawa za maumivu, zile zile nilizozitaja. Barry Marshall wa Australia alikunywa bakteria hao mwaka 1984 ili aaminiwe, na mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Kapime, utibiwe.

Lakini maumivu hapo yakija ghafla, pamoja na jasho jembamba, kukosa pumzi au kuuma taya na mkono, hayo yanaweza kuwa ya moyo kweli. Acha kujituliza kwa maziwa, nenda hospitali.

Ni kweli ateri hubeba damu safi na vena damu chafu?

Ateri hutoa damu moyoni, vena huirudisha. Ateri ya mapafu hubeba damu iliyopungukiwa oksijeni, na bado ni ateri. Hakuna damu chafu hapo. Uchafu huo umewatajirisha wauza chupa za "kusafisha damu", ilhali kazi hiyo ini na figo zinaifanya bure.

Presha yangu ni 150/90 lakini sisikii chochote. Mashine mbovu?

Presha haisikiki. Keti dakika tano bila kuongea, pima tena, rudia siku nyingine. Ikibaki hapo, kamwone daktari, na vidonge vya jirani mwachie jirani.

Mwanangu tumbo lilianza kuuma kitovuni jana, leo limehamia chini kulia na hataki kula. Bibi yake anataka kumpa haluli, dawa ya kuharisha.

Mzuieni bibi, kwa heshima zote. Huo ndio mwendo wa kidole tumbo kilichovimba, na haluli inaweza kukipasua. Msimkande wala msimlazimishe kula. Mpelekeni hospitali yenye chumba cha upasuaji sasa hivi, kabla hamjasoma gazeti hili hadi mwisho.