Wimbo wa Céline Dion kwa baba yake: je, unafaa kuimbwa katika kumbukumbu ya mzee?

Ndugu mleta uzi, pole sana kwa kuondokewa na mzee. Umeuliza kama «Parler à mon père» (yaani «Kuzungumza na baba yangu») wa Céline Dion, mwimbaji wa Kanada, unafaa kuimbwa katika kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu baba yako afariki, na una mashaka mawili: kwamba mwimbaji hakuutunga mwenyewe, na kwamba mwendo wake umechangamka mno kwa shughuli ya namna hiyo. Nimewafundisha watu wazima Kifaransa kwa muda mrefu nikiutumia wimbo huu darasani, na niliuimba nyumbani kwetu tulipomkumbuka marehemu baba, kwa hiyo nitajibu kutokana na niliyoyaona.

Ni kweli kwamba maneno na muziki ni vya Jacques Veneruso, Mfaransa yuleyule aliyemtungia Céline «Tout l'or des hommes» na ule wa «Sous le vent» alioimba na Garou, mwimbaji mwenzake wa Quebec. Lakini sisi tuliolelewa na taarabu tusingepaswa kuliona hilo kuwa kasoro, maana kwetu mshairi huandika, mwimbaji huimba, na hakuna anayeuliza uchungu ule ni wa nani. Adhémar Dion, baba yake Céline, alifariki Novemba 2003, binti yake akiwa katika mwaka wa kwanza wa maonyesho yake ya Las Vegas, na wimbo ulitoka Julai 2012, ukiitangulia albamu ya «Sans attendre». Kati ya msiba na wimbo ilipita karibu miaka tisa, na kwa maoni yangu ndiyo maana hausikiki kama kilio cha matangani.

Hata huo uchangamfu unaokutia mashaka una asili yake. Nyumba ya akina Dion huko Charlemagne, Quebec, ilikuwa na watoto 14, Céline akiwa kitinda mimba. Baba alipiga kodiani, mama alipiga fidla, na wazazi hao waliwahi kuendesha baa ndogo yenye piano ambamo watoto wao waliimba. Sioni ni kwa nini mzee wa nyumba kama hiyo aenziwe kwa wimbo wa kujikokota.

Sasa yasome maneno bila muziki. Hakuna mahali panapotajwa kifo wala kaburi. Anayeimba anaorodhesha matamanio yake: kuusahau wakati kidogo, kuvuka bahari, kuchagua mashua isiyo kubwa wala nzuri kuliko zote na kuijaza picha na harufu za safari zake, kuutungua mwezi, hata kuiokoa dunia, kisha kiitikio kinayaweka yote hayo kando, kwa kuwa kabla ya lolote anataka kuzungumza na baba yake. Darasani sikuwa nawaambia mapema kwamba baba huyo ameshafariki. Wenye baba hai walidhani ni mtu aliye mbali na nyumbani, ilhali waliofiwa walitambua tangu kiitikio cha kwanza, na mara nyingi mabishano baina ya makundi hayo mawili yalimaliza kipindi chote. (Baharia mmoja mstaafu yeye alijali mashua tu, akitaka kujua ni chombo cha aina gani na kina uwezo wa kubeba nini.)

Linganisha na nyimbo mbili ambazo wengine wamekupendekezea hapa. «Nantes» wa Barbara, mwimbaji wa Ufaransa, aliourekodi mwaka 1964 baada ya kuutunga mwenyewe kuhusu baba yake aliyefia katika mji huo wa Nantes mwaka 1959, ni mzuri ajabu, lakini umejaa mvua na binti anayefika akiwa amechelewa. Ukiuimba mbele ya mama yako mjane utakuwa unamfiwisha upya. «Papaoutai» wa Stromae, mwimbaji wa Ubelgiji, wa mwaka 2013, ninauheshimu sana, na majirani zetu wa Rwanda wana sababu zaidi ya kuuheshimu, kwa kuwa baba yake, Mnyarwanda, aliuawa katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Hata hivyo wimbo huo unamtafuta baba ambaye mtoto hakuwa naye, na kwa jinsi ulivyomweleza mzee wako, yeye alikuwepo.

Kuhusu uimbaji wenyewe, anza kwa sauti ya chini kabisa unayoweza kuishikilia, kwa sababu beti zimetulia lakini kiitikio kinapanda na hakikungojei. Mwombe mpiga kinanda ashushe ufunguo mapema, kwa kuwa kumwiga Céline kule juu si kazi ya mtu ambaye koo lake litakuwa limekabwa na majonzi. Ndugu wengi wa baba yangu hawajui Kifaransa, basi kabla sijaimba nilisimama nikaeleza kwa Kiswahili, kwa sentensi chache, kile ambacho wimbo unasema, na shangazi mkubwa akaanza kuitikia «mwambie» kila nilipofika kwenye jina la baba, jambo ambalo halimo katika nota za Veneruso. Ukiona muda ni mfupi, acha ubeti mmoja wa katikati, lakini kiitikio cha mwisho usikikate. Uimbe kabla ya hotuba za wazee, wala si baada yake, kwani zikishaanza hutapata nafasi tena.